Kuwafunza walimu wa chekechea na walezi wa deikea Mombasa: mwongozo kwa mkufunzi

Semina za walimu wa watoto wadogo hazikosekani Mombasa. Ukumbi hukodiwa, bango hutundikwa, chai ya saa nne hunywewa, vyeti hutolewa na picha hupigwa. Jumatatu mwalimu anarudi kwa watoto wake arubaini na kufundisha vilevile alivyofundisha Ijumaa. Si ukaidi. Hakuna aliyekwenda kumtazama akifundisha, kabla ya semina wala baada yake.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuipindua kazi hiyo: muda na pesa nyingi ziende darasani, ukumbi upate kinachobaki. Huenda umefundisha miaka mingi na sasa wenye shule wanakuita uwanoe walimu wao. Huenda uko kwenye shirika, au wewe ndiye mwalimu mkuu mwenyewe. Hatua ni zile zile.

Wala si jambo geni mjini humu. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Waislamu wa Pwani kuomba msaada, Wakfu wa Aga Khan ulianzisha hapa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa. Mkufunzi wa kwanza alikuwa Bi Swafiya Said. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya hapa hapa, na mkufunzi alikuwa akirudi darasani baada ya mafunzo. Mpango ukaenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ukiulizwa na mfadhili kama njia hii inawezekana kwa watu wasio na mali, anza na mfano huo.

Hatua ya 1: Jua unamfunza nani

Wanaoshinda na watoto wadogo Mombasa si kundi moja. Kuna walimu wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, wenye watoto wa miaka minne na mitano na mtaala wa umilisi (CBC) mezani. Baadhi ni waajiriwa wa kaunti, wengine ni wa shule za binafsi. Kuna walimu wa nasari zilizoshikana na madrasa, ambako mtoto husoma masomo ya shule kisha akaingia chuoni, yaani kwenye masomo ya dini, mara nyingi chumba ni kile kile. Halafu kuna walezi wa deikea: mama aliyefungua chumba chake Bangladesh kule Mikindani, au Shika Adabu upande wa Likoni, akapokea watoto wa wanaokwenda viwandani, mahotelini au soko la Kongowea alfajiri.

Usiwachanganye siku ya kwanza. Mwalimu wa PP2 atazungumzia daftari na mitihani, na mlezi mwenye watoto wa miezi minane atanyamaza kutwa akidhani hajasoma vya kutosha kukaa hapo. Baadaye, wakishazoeana na mkufunzi, kuwakutanisha kuna faida kubwa, maana mtoto wa deikea ya leo ndiye wa PP1 wa kesho kutwa.

Hatua ya 2: Bisha hodi panapostahili

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali na vituo vya malezi ya watoto mikononi mwa kaunti. Mtaala unatoka KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, usajili wa walimu uko kwa TSC, tume ya walimu, lakini darasa la chekechea na chumba cha deikea viko chini ya kaunti. Kwa hiyo barua ya kwanza iende idara ya elimu ya kaunti. Ukurasa mmoja watosha: wewe ni nani, unataka shule zipi, katika kaunti ndogo ipi kati ya sita (Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu), tarehe zipi, na nani analipa. Kwa shule ya binafsi, muone mwenye shule pamoja na mwalimu mkuu siku moja. Ukimuona mmoja tu, mwengine atakukwamisha.

Kwa deikea, pitia kwa chifu na wazee wa mtaa, kisha umpigie bwana afya wa eneo. Hapa kuna jambo la kuangalia. Walezi wengi hawana leseni wala karatasi yoyote, na wakikuona umeandamana na afisa siku ya kwanza watafunga mlango na kuwaficha watoto chumba cha jirani. Nenda kwanza na mama wa mtaa anayeaminika, au mhudumu wa afya ya jamii anayewajua kwa majina. Bwana afya aje baadaye, akiwa mgeni wa walezi wenyewe.

Hatua ya 3: Katazame kabla ya kuandika ratiba

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayobeba zote.

Keti asubuhi mbili katika kila darasa. Moja iwe ya mapema, watoto wakiwasili. Ya pili iwe baada ya uji, saa ambayo wamechoka na mwalimu amechoka. Kaa mkekani au kwenye kiti kifupi pembeni. Usichukue kiti cha mwalimu. Simu iingie mfukoni. Watoto watakuzunguka robo saa ya kwanza, watakushika nywele au buibui, kisha watakusahau.

Andika jicho linachoona na sikio linachosikia, hukumu zingoje. "Mwalimu hashirikishi watoto" ni hukumu, na hakuna atakayejifunza kitu kwayo. Andika namna hii:

"Saa tatu na robo. Mwalimu ubaoni, anaandika 5. Watoto 38 mkekani. Anauliza: 'Hii ni ngapi?' Wote: 'Tanooo!' Mtoto mwenye shati la mistari ana vijiwe. Amepanga vitatu, ameongeza viwili, ameinua kichwa kumtazama mwalimu. Mwalimu amegeukia ubao. Saa tatu na dakika ishirini na tano: daftari zinagawiwa na mwalimu peke yake. Wa mwisho amepata lake saa tatu na dakika arubaini."

Mistari michache, lakini imebeba semina nzima. Mtoto wa shati la mistari ameonyesha kuwa tatu na mbili ni tano, jambo ambalo wenzake waliopiga kelele "tano" huenda hawalijui, na hakuna mtu mzima aliyemuona. Watoto wengine wamekaa robo saa wakingoja daftari. Ukimuuliza mwalimu kwa nini hupiga meza kwa rula, jibu limo ndani ya ile robo saa.

Pamoja na maandishi hayo, hesabu mambo manne kwa vijiti pembeni mwa ukurasa: dakika ambazo watoto wanangoja bila cha kufanya, maswali yenye jibu moja ("hii rangi gani?") na yale yanayomfikirisha mtoto ("umejuaje?"), majina ya watoto yaliyotajwa, kwa wema au kwa kukemewa, na mara ambazo mtu mzima ameinama au amechuchumaa hadi macho yakalingana na ya mtoto. Weka karatasi hiyo vizuri. Utaihitaji miezi mitatu baadaye.

Baada ya kipindi usimuulize mwalimu "unahitaji mafunzo gani?" Ameshaulizwa hivyo na mashirika, na jibu analo tayari: vifaa na mbinu za kisasa. Muulize: "Saa gani ya siku hukuchosha zaidi?" Hapo atafunguka.

Hatua ya 4: Chagua mawili, mengine yaache

Ukirudi nyumbani utakuwa na orodha ndefu: usafi, nyimbo, kona za kujifunzia, watoto wenye ulemavu, lishe, tathmini. Kata. Muhula mmoja unabeba mambo mawili, na moja liwe lile lililotajwa na mwalimu mwenyewe. Kwa mfano: kupunguza kungoja, na kuzungumza na mtoto anapofanya kazi. Mfadhili akitaka mada kumi na mbili kwa siku tatu, mwambie wazi kuwa atalipia chai.

Hatua ya 5: Siku, mahali, chai

Likizo za Aprili na Agosti ndizo nafasi nzuri kwa walimu wa PP, ila Aprili ina mvua za masika. Chagua mahali ambapo barabara haifuriki. Jumamosi inafaa pia, lakini uliza kwanza kama kuna chuo siku hiyo. Ijumaa maliza kabla ya saa sita. Mwezi wa Ramadhani fanya vipindi vifupi vya asubuhi au uahirishe. Wanaotoka Likoni na Mtongwe wape nusu saa ya ziada, kwa sababu foleni ya feri haina ahadi.

Darasa la chekechea ni bora kuliko hoteli. Mtu anapojifunza kupanga kona ya kujifunzia, apange kona yenyewe, mikeka na ukuta vikiwepo. Usitegemee projekta.

Posho nayo lazima izungumzwe, hata kama inatia aibu. Walimu wamezoeshwa kulipwa kuhudhuria, na mwenye mshahara mdogo huwezi kumwambia aje Nyali kutoka Magongo kwa nauli yake. Rudisha nauli, wape chai yenye mahamri na mbaazi, wape chakula cha mchana, na useme mapema kwamba hakuna posho ya kukaa. Watakaokuja ndio wako. Mweke pia mtu wa kukaa na watoto wa washiriki: unawafunza walezi, na wengi wao wana wanyonyao.

Hatua ya 6: Semina yenyewe

Siku mbili zatosha. Kila kipindi watu wafanye kitu kwa mikono kabla hujaeleza chochote.

Mfano ambao haujawahi kuniangusha ni wa maji na vifuu. Nenda Marikiti au kwa muuza nazi yeyote, omba vifuu vya ukubwa mbalimbali. Tafuta mabeseni matatu, chupa tupu, na faneli iliyokatwa kutoka chupa ya maji. Gawa watu makundi matatu, watu wazima wote wacheze kama watoto, na kila kundi lipate "mwalimu" wake uliyemnong'oneza la kufanya. Wa kwanza anakaa kimya, anatazama simu. Wa pili anauliza maswali ya mtihani bila kupumzika: hiki ni nini, rangi gani, hesabu moja mpaka kumi. Wa tatu anatazama kwanza, kisha anasema anachokiona ("naona umechagua kifuu kikubwa"), anangoja, ndipo anauliza: "Unadhani vitaingia vingapi mpaka chupa ijae?"

Dakika kumi, kisha simamisha. Waulize waliokuwa kundi la pili walikuwa wakifikiria nini walipoulizwa rangi. Mara nyingi jibu ni kama hili: "Mie nilikuwa nataka kujua vifuu vingapi vitajaza, kila nikikaribia ananiuliza hiki ni nini." Hapo ukumbi mzima hucheka, halafu hunyamaza. Usiongeze neno. Waache wapime wenyewe ni mwalimu gani wa watatu hao anayefanana na wao.

Ndipo sasa ulete mtaala. Kujaza, kulinganisha, kukadiria: yote yamo katika shughuli za hisabati za PP1 na PP2, na mwalimu anayehofia mkaguzi anapaswa kuonyeshwa hivyo kwa kidole juu ya ukurasa. Wape pia zoezi moja dogo la kwenda nalo: baada ya kuuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kulirudia au kumgeukia mtoto mwengine. Linaonekana jepesi. Wajaribu wawili wawili palepale uone wanavyoteseka na ule ukimya.

Vifaa visigeuke mradi wa kununua. Kokwa za embe, makombe ya pwani, vifuniko vya soda, ukindu, makuti, vipande vya leso chakavu: darasa zima hupambika kwa mfuko mmoja wa gunia. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, pima kila kitu kwa gamba la katikati la karatasi ya msalani. Kikipita kwenye gamba hilo, kinaweza kumkaba, hivyo hakifai. Kifuniko cha soda hupita. Na ukiwa kwenye nasari ya madrasa, uliza kabla ya kuleta ngoma. Pengine hawaitaki, na makofi yanafanya kazi ile ile.

Kutakuwa na swali la Kiingereza, hilo halikosi. Wazazi wanataka mtoto arudi nyumbani na daftari lililojaa na maneno ya Kiingereza mdomoni, na mwalimu ndiye anayelaumiwa. Sera ya lugha nchini inasema mtoto wa awali afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mombasa hiyo ni Kiswahili kwa wengi, na kuna pembe za Kisauni au Likoni ambako Kigiriama au Kidigo kitasaidia. Lakini sera haimtetei mwalimu mlangoni saa ya kuchukua watoto. Mfundishe kumjibu mzazi kwa kitu cha kuonyesha. Amwambie: "Mama, leo mwanao amenieleza kwa nini kifuu kidogo kinazama na kikubwa kinaelea. Muulize njiani." Mzazi akimuuliza mtoto na akapata hadithi ndefu, mabishano hupungua. Kiingereza kiingie kwa nyimbo na majina ya vitu, kwani mtoto anayejua kueleza sababu kwa Kiswahili atapata maneno ya Kiingereza ya kuitia baadaye. Kwa maoni yangu, mwalimu anayelazimishwa kufundisha siku nzima kwa lugha ambayo yeye mwenyewe haimtoki vizuri huishia kuuliza "What is this?" mwaka mzima.

Hatua ya 7: Kiboko

Sheria ni wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili kwa mwanafunzi, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto popote alipo. Sema hivyo mara moja, kisha usihubiri. Mtu atasimama na kusema "sisi tulichapwa na tukawa watu", na ukianza kubishana naye, kipindi kimekwisha.

Rudi kwenye karatasi zako za kutazama. Onyesha, bila kutaja darasa, rula ilitoka saa ngapi. Mara nyingi ni wakati wa kungoja: daftari, uji, choo, kutoka nje. Basi tengenezeni hiyo saa. Mtoto anapoingia akute kitu cha kushika mkekani. Daftari zigawiwe na watoto, kila safu na mgawaji wake. Kwenda chooni wasiende wote kwa mstari mmoja. Wimbo mmoja uwe ishara ya kukusanya, usibadilishwe kila wiki.

Kwa mtoto anayepiga wenzake, igizeni: mwalimu anachuchumaa, anaushika mkono wa mtoto kwa upole, anasema alichotaka ("ulikitaka kifuu"), anasema kisichokubalika ("kumpiga mwenzio hapana"), anampa neno la kutumia ("sema: nipe zamu"). Waigize mara tatu nne. Mara ya kwanza kila mtu huwa na sauti ya askari.

Kabla ya ziara zote, kubaliana na mwenye shule kwa maandishi utafanya nini ukiona mtoto ameumizwa. Nambari ya kusaidia watoto, 116, hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Iandikwe ukutani, mahali wazazi wanapoiona pia.

Hatua ya 8: Kwa walezi wa deikea, nenda wewe

Mlezi hawezi kuwaacha watoto kumi na wawili akaja semina. Nenda kwake mchana, watoto wakilala, saa moja na nusu. Au wakusanye walezi wa mtaa mmoja Jumapili jioni. Kama wana chama, zungumza kwenye kikao cha chama.

Anza na usalama kwa sababu hauna mjadala. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mto wala nguo za kurundika karibu na uso. Ndoo ya maji ifunikwe au iwekwe juu: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina kidogo sana. Jiko la makaa lisiwe ndani walimolala. Kila chupa ya maziwa iwe na jina. Dawa yoyote iwe imeletwa na mzazi, na mzazi awe amesema kipimo na saa. Dawa ya mafua au kikohozi ya kumfanya mtoto alale ni hatari, na lisemwe kwa kinywa kipana hata kama hakuna aliyekiri. Pawe na daftari la nani amemleta mtoto na nani ameruhusiwa kumchukua.

Kibuyu chirizi, cha kunawia mikono, kinatengenezwa kwa dumu la lita tano, kamba na kijiti, kwa dakika chache. Mwezi wa Mei na wa Novemba, wakati wa Malezi Bora, mlezi awakumbushe wazazi matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na amuombe mhudumu wa afya apite kituoni kwake.

Kisha jambo ambalo walezi wengi hawajawahi kuambiwa ni kazi: kuzungumza na mtoto. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walipotoa mwongozo wao wa malezi mwaka 2018, walitaja nguzo tano: afya, lishe, usalama, kujifunza mapema, na malezi yenye kumsikiliza na kumjibu mtoto. Hiyo ya mwisho haigharimu senti. Kaa chini na mtoto wa miezi saba. Akiguna, mgune. Akinyamaza, nyamaza, mngoje. Akitupa kijiko, sema "kimeanguka!" umrudishie. Mlezi atakwambia hana muda, ana kumi na wawili. Mwonyeshe wakati ambao tayari anao: kumbadilisha nepi, kumlisha, kumwogesha. Dakika tatu za kila nepi zikiwa za mazungumzo, siku imejaa.

Hatua ya 9: Rudi darasani

Ziara ya kwanza iwe ndani ya wiki mbili baada ya semina, kabla jambo halijapoa. Panga ziara nne kwa muhula kwa kila mwalimu. Keti nusu saa, tazama lile jambo mliloafikiana tu, kisha zungumzeni watoto wakinywa uji. Mkufunzi kijana na mwalimu aliyemzidi umri watazungumza hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikuta vurugu tupu."

"Nimeona daftari zimegawiwa dakika nne. Mara ya kwanza zilikuwa kumi na tano. Umefanyaje?"

"Nimeweka wagawaji. Kila safu na wake."

"Na waliotangulia kupata walikuwa wakifanya nini?"

Akacheka. "Wakipigana."

"Ungewapa nini mkononi?"

"Vifuniko. Wavipange mpaka wenzao wamalize."

"Haya. Nikija tena nitatazama hilo tu."

Mkufunzi hakusifu kwa maneno matupu, ametaja dakika. Hakutoa ushauri, ameuliza, na suluhisho limetoka kwa mwenye darasa, kwa hiyo litabaki naye. Na wameondoka na jambo moja. Ukiondoka umemwachia mambo sita, hatafanya hata moja, na atakuogopa mara ijayo.

Kati ya ziara, kundi la WhatsApp linasaidia, hasa kwa ujumbe wa sauti. Weka kanuni mapema: picha za mikono, kazi na vifaa ni sawa, sura za watoto hapana, isipokuwa mzazi ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu walimu pia.

Mwisho wa muhula toa ile karatasi ya vijiti, hesabu tena yale manne, na mlinganishe na mwalimu mwenyewe. Hiyo ndiyo ripoti.

Hatua ya 10: Bei, mkataba, cheti

Hesabu siku za kutazama, za kuandaa, za semina na za ziara, pamoja na nauli za tuktuk na matatu. Semina isizidi theluthi ya gharama yote. Mteja akisema ni ghali, punguza idadi ya walimu, usikate ziara. Deikea ndogo haziwezi kulipa bei ya shule, kwa hiyo zitafutie mfadhili au uzitoze kupitia chama, kidogo kidogo kila mwezi.

Kwenye mkataba kiwepo kifungu kimoja kisichoondolewa: maandishi ya kumtazama mwalimu ni ya mwalimu na mkufunzi. Mwenye shule anapata muhtasari wa shule nzima, bila majina. Utaombwa majina, na pengine na mtu mpole kabisa. Siku utakapoyatoa, walimu wataanza kukuigizia masomo na hutaona tena kitu cha kweli. Tofauti ni moja tu, mtoto aliyeumizwa, na hilo mwalimu aambiwe mwanzoni.

Cheti andika kwa ukweli: tarehe, saa, mada, na idadi ya ziara. Mwalimu akiuliza kama kitampatia kazi ya kaunti, mwambie hakitoshi, kwa kuwa kazi hiyo inataka cheti au stashahada ya elimu ya awali inayotambuliwa na usajili wa TSC. Akitaka kuendelea, apeleke jina la chuo na la kozi TSC wamthibitishie kwanza, kabla hajalipa karo ya muhula wa kwanza.